Jagi la filta linafanya kazi, ila kazi gani?

Juzi tulikaa mezani tukafanya kamchezo, kila mtu glasi mbili, moja maji ya bomba na nyingine maji yaliyopita kwenye jagi la filta, yote yamelala kwenye friji usiku mzima ndani ya chupa zilizofungwa ili ubaridi usimpe mtu jibu. Tulikuwa watu watano na wote watano tukachagua ya jagi bila hata kusita, kila mmoja anasema haya hayana ile harufu ya dawa. Mpaka hapo hakuna ubishi, jagi limeshinda. Shida ilikuja sekunde moja baadaye, shangazi akaweka glasi chini akasema, "Haya sasa ndo maji safi, haya hata mtoto mchanga unampa."

Mi nataka kuongelea hiyo sekunde moja tu. Manake ndani yake kuna kosa ambalo karibu kila mwenye jagi anafanya, mimi mwenyewe nimelifanya kwa muda mrefu sana: ulimi umeonja ladha, akili ikatoa cheti cha usalama. Na ukiangalia vizuri jinsi haya majagi yalivyotengenezwa, utagundua yanafanya vizuri zaidi ile kazi ambayo ulimi unaiona, na yanafanya kidogo au hayafanyi kabisa zile kazi ambazo ulimi hauwezi kuzikagua. Risasi (ile metali yenye sumu, sio ya bunduki) haina ladha. Nitreti, ile kemikali inayotoka kwenye mbolea na vyoo, haina ladha. Kipindupindu hakina ladha. Kwa hiyo ule mtihani wetu wa glasi, pamoja na kelele zote za mezani, ulikuwa mtihani wa klorini peke yake, ile dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye maji ya bomba.

Nianze na kilichomo, kwa sababu watu wanaongea kuhusu filta kama vile ni kitu cha miujiza na wengi hawajawahi kuona ndani yake. Nilichukua katriji iliyokwisha, yaani kile kichujio cha ndani ya jagi kinachobadilishwa, nikaipasua kwa msumeno wa chuma (msijaribu sebuleni, vile vidude vinamwagika na kuvikusanya ni kazi ya siku nzima). Ndani kuna vitu viwili vimechanganyika. Kimoja ni punje nyeusi kama mkaa uliopondwa, na kweli ni mkaa, mara nyingi unatengenezwa kwa vifuu vya nazi vilivyochomwa na kupitishwa kwenye mvuke wa moto mkali mpaka unajaa vitundu vidogo vidogo visivyoonekana kwa macho. Hivyo vitundu ndo siri yenyewe, gramu moja ya mkaa wa aina hii inaweza kuwa na eneo la ndani la kama mita za mraba 1,000, yaani ukichukua gramu saba nane hivi umebeba uwanja wa mpira kwenye kijiko. Kitu cha pili ni vishanga vidogo vya rangi ya maziwa au manjano hafifu, hiyo ndo resini, na kazi yake ni kubadilishana: inashika kalsiamu na metali kadhaa zilizoyeyuka kwenye maji, na badala yake inaachia hidrojeni. Ndo maana maji ya jagi jipya yanakuwa na kauchachu kwa mbali, watu wengine wanakahisi.

Mkaa unakula klorini kwa haraka ajabu. Maji yanapita dakika chache tu, harufu imeisha. Unashika pia kemikali nyingi za jamii ya kaboni, baadhi ya viuatilifu vya mashambani, na sehemu ya zile takataka zinazozaliwa klorini inapokutana na majani na udongo uliooza kwenye maji, zile ambazo mkemia Johannes Rook kule Uholanzi aliripoti mwaka 1974 na kuwafanya watu wa maji duniani kote wakae macho. Hiyo ni kazi ya maana, siibezi. Ila angalia, mkaa unapenda vitu vya aina fulani. Floraidi unaiacha inapita. Nitreti inapita. Chumvi inapita. Aseniki nayo kwa sehemu kubwa inapita. Mwenye kisima chenye chumvi akinunua jagi la kawaida akitegemea maji yawe matamu atanuna wiki ya kwanza.

Resini nayo ina starehe yake. Kama maji yenu ni magumu mnajua ile hali, birika linajenga ukoko mweupe ndani, na chai ikikaa kidogo juu inafanya utando kama mafuta, ukiukoroga unapasuka vipande vipande na kung'ang'ania ukingo wa kikombe. Ule utando ni kalsiamu imeshikana na vitu vya kwenye majani ya chai. Chemsha maji ya jagi, tengeneza chai ileile, utando hamna au umebaki kidogo sana. Hii nimeiona kwa macho yangu mara nyingi kiasi kwamba hata ukinipa chai bila kuniambia nitakuambia maji yametoka wapi. Na haishangazi ukijua historia, kampuni ya Brita, inayotengeneza majagi haya, ilianzishwa Ujerumani mwaka 1966 na jamaa anaitwa Heinz Hankammer, akaipa jina la binti yake, na biashara yake ya mwanzo ilikuwa kutoa madini kwenye maji ya kuweka kwenye betri za magari. Jagi la nyumbani likaja baadaye. Yaani ukoo wa kitu hiki tangu mwanzo ni ukoko na madini kwenye maji ya mjini ambayo tayari yameshatibiwa na mtu mwingine. Magonjwa hayakuwa mada.

Sasa tuje kwenye vijidudu, hapa ndo shangazi alipopotelea. Bakteria kama E. koli ana urefu wa maikroni 1 mpaka 2, na maikroni moja ni sehemu moja ya elfu ya milimita. Virusi wa kuharisha ni wadogo zaidi kwa mbali, rotavirusi ana kama 0.07. Kwenye jagi la kawaida, punje za mkaa na resini zina ukubwa wa nusu milimita hivi, na njia ambazo maji yanapita katikati yake ni za makumi ya maikroni. Ni kama kujifunika wavu wa kuvulia samaki ukitegemea mbu wasiingie. Baadhi wanaweza kunasa kwa bahati, lakini bahati haiitwi ulinzi. Na watengenezaji wenyewe hawafichi, soma karatasi iliyomo kwenye boksi, ile ambayo wote tunaitupa pamoja na plastiki, karibu kila moja imeandika kwamba usitumie na maji ambayo hayajathibitishwa kuwa salama kwa vijidudu. Wameandika kwa maandishi madogo sana, hilo ndo lawama yangu kwao, kwa sababu mbele ya boksi kuna tone la maji linang'aa na mtoto anacheka.

Kuna majagi ya aina nyingine, yana utando wa nyuzi zenye matundu ya maikroni 0.2, hayo yanazuia bakteria na vimelea kama giadia kwa sababu hawapiti kwenye tundu. Virusi bado wanapita. Kwa hiyo hata neno "jagi la filta" halitoshi, ni sawa na kusema "dawa" bila kusema ya nini.

Halafu kuna jambo ambalo lilinichukua muda kulikubali. Klorini tunayoichukia kwa harufu ndo mlinzi wa maji njia nzima kutoka mtamboni mpaka kwenye koki yako. Jagi linamfukuza mlinzi, afu linayakalisha maji hayo hayo, sasa hayana ulinzi, kwenye chombo cha plastiki chenye kona kona, juu yake kuna katriji yenye unyevu muda wote na chakula kidogo kilichonaswa. Ukikaa ukafikiria, umejenga nyumba ya kupanga kwa bakteria. Watafiti wa Ujerumani walichapisha mwaka 1996 matokeo ya filta zilizokuwa zinatumika kwenye nyumba 34, na kwenye 24 kati ya hizo, maji yaliyotoka kwenye filta yalikuwa na bakteria wengi kuliko maji ya bomba yaliyoingia. Wengi wao ni bakteria wa kawaida wa majini, mtu mwenye afya hawamfanyi kitu, tusitishane. Lakini mgonjwa ambaye kinga yake imeshuka, au mtoto wa wiki mbili, huyo ni mtu mwingine kabisa. Watengenezaji wanaweka fedha kwenye mkaa, ndio, ile fedha ya mikufu, ili bakteria wasizaliane ndani ya katriji. Inasaidia katriji. Haisafishi maji yanayopita.

Yangu mimi niliona kwa vidole. Nilikuwa na jagi nalitumia vizuri tu, siku moja naliosha napitisha kidole kwenye ule mfereji wa chini ya kifuniko, kinateleza. Ute mwembamba, hauna rangi, umezunguka ukingo wote. Maji ya siku hiyo asubuhi nilikuwa nimeyasifia. Toka hapo naliosha na sabuni kila wiki, linakaa kwenye friji wala sio dirishani kwenye jua (dirishani linaota ukijani, mtanikumbuka), na maji yakikaa zaidi ya siku moja namwagia maua.

Hili linaleta swali la kuchemsha, na hapa watu wengi wameligeuza kichwa chini miguu juu. Wanachemsha, wanapoza, afu wanamimina kwenye jagi "yapate kuchujwa vizuri". Yaani umeshaua kila kitu kwa moto, afu unayarudisha kupita kwenye katriji yenye wapangaji wake. Kama maji yako yanahitaji kuchemshwa, chuja kwanza, chemsha mwisho, yakishachemka kwa nguvu dakika 1 inatosha, na ukiwa sehemu ya juu sana kuanzia kama mita 2,000 fanya dakika 3, afu weka kwenye chombo safi chenye kifuniko. Moto unaua bakteria, virusi na vimelea, hakuna jagi la mezani linaloufikia hapo. Ila na moto una mipaka yake: risasi na nitreti haziondoki kwa kuchemsha, kinyume chake, maji yakipungua kwa mvuke zenyewe zinabaki zikiwa zimekolea zaidi.

Nimetaja risasi, basi tukae hapo, maana ndo sehemu ambayo jagi linaweza kuwa msaada mkubwa au likawa pambo, na tofauti yake huwezi kuiona kwa macho. Risasi kwa kawaida haitoki mtoni, inatoka kwenye mabomba ya zamani, viungio na koki, kati ya mtambo wa maji na mdomo wako. Mtambo unaweza kuwa mzuri kabisa na maji yakafika kwako na sumu. Kuna majagi yanapunguza risasi vizuri sana na kuna mengine hayajawahi kupimwa kwa hilo, na mara nyingine yote mawili yana jina moja la kampuni, rangi moja, umbo moja, kinachotofautiana ni katriji tu. Ndo maana swali la "kampuni gani nzuri" linanichosha, uliza katriji gani.

Pa kuangalia ni viwango vya NSF na ANSI, mashirika ya viwango ya Marekani, ambavyo utavikuta vimeandikwa kwenye maboksi hata ukiwa mbali sana na huko. Namba 42 inahusu ladha na harufu, klorini na mambo kama hayo. Namba 53 inahusu afya, na ndani yake kila uchafu unahesabika peke yake, yaani filta inaweza kupata 53 kwa zebaki na isiwe nayo kwa risasi. Namba 401 ni mabaki ya dawa na kemikali za siku hizi. Mtihani wa risasi kwenye 53 ni wa kweli, sio maneno: wanaweka maji yenye risasi mikrogramu 150 kwa lita, na kinachotoka hakitakiwi kuzidi 5, zamani ilikuwa 10 wakaibana, wanapima kwa maji yenye uchachu kidogo na yasiyo na uchachu, na kama jagi halina kitu cha kukuonyesha katriji imeisha wanalisukuma mpaka mara mbili ya lita zilizoandikwa. Likipita hapo mi naliamini. Boksi likiwa na 42 peke yake, umenunua kiondoa harufu, na muuzaji akikuambia "limethibitishwa na NSF" anasema kweli tupu, ila hajakuambia limethibitishwa kwa kitu gani. Ujanja wote uko kwenye hiyo nusu ya sentensi.

Na hata lililopita mtihani, nyumbani sio maabara. Baada ya mji wa Flint kule Michigan kubadilisha chanzo cha maji mwezi wa nne mwaka 2014 bila kuweka dawa ya kuzuia kutu kwenye mabomba, risasi ikaanza kuchubuka na kuingia majumbani, na filta za nyumbani zikawa moja ya nguzo za kuokoa watu. Newark, New Jersey, nayo ikagawa filta kwa wakazi, na mwezi wa nane mwaka 2019 vipimo vya nyumba 3 vikaonyesha 2 kati yake bado zina risasi nyingi hata baada ya filta. Taharuki, watu wakaanza kugawiwa maji ya chupa. Upimaji mpana uliofuata ukaonyesha filta karibu 97 kati ya 100 zilikuwa zinashusha risasi mpaka 10 au chini, na ukiacha maji yatiririke kwanza kabla ya kuchuja hali inakuwa bora zaidi. Sasa hapo unaweza kusoma habari moja kwa namna mbili. Mtu mmoja atasema 97 ni ushindi. Mwenye mtoto kwenye zile 3 zilizobaki katika kila 100 hatakubaliana naye. Mi nasoma hivi: filta ni mwavuli mzuri wakati paa linavuja, ila mtu akikupa mwavuli asikuambie paa limetengenezwa. Risasi nyingine inasafiri kama vipande vidogo sana ambavyo havijayeyuka, resini haivibadilishi na kitu, na kama njia ya maji ndani ya katriji imetoboka upande mmoja vinapita tu.

Zile kemikali zinazoitwa PFAS, za kwenye vikaango visivyoshika na povu la zimamoto, nitazipitia haraka. Watafiti wa vyuo vikuu vya Duke na North Carolina State walipima filta 76 majumbani mwa watu, wakatoa matokeo mwaka 2020: za mkaa kwa wastani zilitoa kama asilimia 73, lakini wastani unadanganya, nyingine zilitoa zote na nyingine hazikutoa kitu. Mitambo ya chini ya sinki, ile inayosukuma maji kwa presha kwenye utando, ilitoa asilimia 94 na zaidi. Kama tatizo la kwenu ni PFAS, jagi ni bahati nasibu yenye nafasi nzuri kidogo.

Kitu kingine kinachoniuma ni kale kapima ka TDS. Kanafanana na kalamu, unachovya, namba inatokea, 280, 350, watu wanaogopa. Kanachopima ni jinsi maji yanavyopitisha umeme, yaani chumvi na madini kwa jumla yao, afu kanakadiria. Kalsiamu ambayo haina ubaya wowote inapandisha namba. Risasi ya kutosha kumdhuru mtoto ni mikrogramu kadhaa kwa lita, na namba ya kale kakalamu inahesabu miligramu, hata haitikisiki. Bakteria hawahesabiki kabisa, unaweza kuwa na maji ya TDS 20 yenye kipindupindu. Kuna majagi yanashusha namba mpaka 000 na yanakuja na hako kapima ndani ya boksi, kemia yake ni ya kweli na resini yake ni nyingi, lakini usisome zile sifuri tatu kama vile daktari amesaini.

Na kuna jamaa nilimshuhudia mwenyewe akiuza mtambo, akatoa kifaa chenye fito nne za chuma akachovya kwenye maji ya bomba akawasha umeme, dakika mbili maji yamekuwa ya kahawia, mapovu juu, takataka zinaelea, watu wanashika midomo. Akachovya kwenye maji yake ya filta, meupe pee. Nilimuomba atie chumvi kidogo kwenye glasi yake hiyo hiyo safi kisha achovye tena. Akasema muda umekwisha. Ile kahawia ni kutu ya fito zake mwenyewe, maji yenye madini yanapitisha umeme chuma kinaliwa, maji yasiyo na madini hayapitishi, basi. Ukitia chumvi ya kula kwenye maji masafi kabisa duniani yatatoa "uchafu" uleule.

Turudi kwenye jagi, kuna hesabu moja ambayo naona ndo inaamua kila kitu na hakuna anayeipiga. Katriji nyingi za kawaida zimeandikwa galoni 40, hiyo ni kama lita 150, na pembeni wameandika "takribani miezi 2". Gawanya. Lita 150 kwa siku 60 ni lita 2 na nusu kwa siku. Hiyo ni nyumba ya mtu mmoja, wawili wakijibana. Sasa chukua nyumba ya watu watano, kila mtu lita 2 kwa siku, bado chai, bado wali, tuseme kwa wepesi lita 10: katriji imeisha siku ya 15. Lakini kwenye kalenda ya jikoni wameandika miezi 2 kwa hiyo siku 45 zinazofuata wanakunywa maji yaliyopita kwenye kitu kilichoshiba. Mkaa ulioshiba hauna pa kuweka, na maji yakibadilika unaweza hata kuachia baadhi ya vitu ulivyovishika mwanzo. Na tatizo ni lilelile la ulimi, vitu haviishi nguvu siku moja. Klorini inaweza kuendelea kuondolewa muda mrefu wakati uwezo wa kushika metali umeshachoka, kwa hiyo ladha bado iko poa na wewe unasema "bado inafanya kazi hii". Mimi niliwahi kuiacha katriji moja miezi saba kwa hoja hiyo hiyo.

Ile taa ya kijani ikigeuka nyekundu? Kwenye majagi mengi inahesabu siku, au inahesabu mara ngapi umefungua kifuniko au umemimina. Haijaonja maji. Ukilala nje wiki tatu inahesabu, ukiwa na wageni kumi wanaojaza jagi kutwa mara nane, ile ya siku haina habari. Nilichofanya ni kuandika kwa maka peni tarehe ya kuanza juu ya katriji, kisha nikahesabu wiki moja tunajaza mara ngapi, nikapata siku zangu mwenyewe. Zikawa 19. Na katriji mpya iloweke na kumwaga maji ya mwanzo kama walivyoelekeza, ile vumbi nyeusi unayoiona ni unga wa mkaa, haina shida lakini hakuna sababu ya kuinywa.

Sasa kuna wale watu wa upande wa pili, wanasema majagi ni utapeli mtupu, kampuni zinauza mkaa kwa bei ya dhahabu. Siwaungi mkono. Kama maji yako yanatoka mtamboni yakiwa salama na kinachokukwaza ni harufu, jagi linamaliza kazi hiyo kwa uaminifu, na mtu aliyekuwa anakwepa maji ya bomba ananunua chupa za plastiki kila siku akahamia kwenye jagi amefanya jambo la akili. Kama una bomba la risasi na katriji ya 53 ya risasi unayoibadilisha kwa wakati, hiyo ni kinga halisi kwa watoto wako. Utapeli haumo ndani ya jagi, umo kwenye pengo kati ya boksi linavyoonyesha na karatasi ya ndani inavyosema, na sisi tusiosoma tunalijaza hilo pengo kwa matumaini.

Shangazi sikumwambia yote haya siku ile, angeninyang'anya glasi. Nilimuuliza tu maji ya kwake yanatoka wapi, maana alisema anataka kununua jagi kama letu. Akasema kisimani. Kisima chake hakijawahi kutiwa klorini hata siku moja, kwa hiyo ile kazi ambayo jagi letu lilishinda mezani, kwake haipo. Kinachoweza kuwepo kwenye kisima ni vijidudu, na nitreti kama kuna choo au mbolea karibu, na jagi la aina yetu linaviacha vyote viwili vipite. Nitreti kwa mtoto wa chini ya miezi sita inaharibu uwezo wa damu kubeba hewa, mtoto anageuka bluu, na kama nilivyosema kuchemsha kunaikoleza. Tukachukua sampuli kwenye chupa waliyotupa watu wa maabara, ndani ya kiboksi cha barafu, tukapeleka siku hiyo hiyo wapime vyote viwili.

Njiani kurudi akaniuliza, "Kwa hiyo jagi nisinunue?" Nikamuuliza chai yake ina utando? Akasema una utando kama blanketi. Basi nunua, nikamwambia, la chai.